Wasomaji Wauliza: Huyu Mama kwa Picha ni Nani?

Barua ya kwanza, kutoka Kisumu

Mwalimu habari ya siku. Mimi nakaa Manyatta hapa Kisumu lakini nyumbani ni Gem. Kwa sebule ya babu kuna picha ya mama mmoja imening'inia tangu sijazaliwa, na kila mtu pale nyumbani husema huyo ndo mama aliyezaa babake babu, ati alipigwa picha na mzungu wa reli siku treni ilifika Kisumu. Jina lake hakuna anayejua, wote wanamwita tu Nyar Alego, yaani binti wa Alego. Juzi tukipaka nyumba rangi nikaitoa kwa fremu, nyuma nikaona mistari kama ya poskadi, na pale pa kubandika stempu pameandikwa VELOX kuzunguka kisanduku, kingo za picha nazo zimekatwa mawimbi mawimbi. Mama mwenyewe ni kama wa miaka thelathini hivi, amefunga kitambaa kichwani, ana rozari shingoni, na kando yake kuna mtoto wa kama miaka minne amevaa kaptura. Babu alifariki 1998, kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1934. Wa rika lake amebaki dadake mmoja tu, aliolewa Seme, na anasikia kwa shida. Nataka jina la huyu mama, mwaka aliozaliwa, na ndugu zake ni kina nani huko Alego manake binamu yangu anataka kuoa msichana wa huko na wazee wameanza kuulizana maswali. Nilienda ofisi moja ya vyeti nikaambiwa hakuna kitu kama hiyo na nisisumbue watu. Nianzie wapi?

Jibu

Anzia Seme, kabla ya kitu kingine chochote. Makaratasi yatangoja lakini dadake babu hatangoja, na nitakwambia kwa nini ukishaelewa hiyo picha inasema nini.

Reli ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, wakati huo mahali penyewe pakiitwa Port Florence. Sasa tazama vitu ulivyoona mwenyewe. Velox ilikuwa karatasi ya picha ya Kodak, na mtindo wa kuchapisha picha kwa karatasi yenye mgongo wa poskadi ulikuwa wa mwenye studio kukupa kitu unaweza kutuma kwa posta. Hiyo peke yake haitoshi kutupa mwaka manake karatasi hizo zilitumika muda mrefu. Lakini zile kingo za mawimbi ni fasheni ya kuanzia miaka ya 30 kwenda mpaka ya 50. Picha ya 1901 haingekuwa nazo. Kwa hivyo hadithi ya mzungu wa reli iweke kando kidogo, usiitupe, manake hadithi za namna hiyo mara nyingi zina kitu cha kweli ndani kimebandikwa tu mahali si pake, labda kweli huyo nyanya wa zamani aliona treni ya kwanza na watu wakakumbuka hivyo.

Twende hesabu. Babu alizaliwa 1934 au karibu hapo. Babake tuseme alizaliwa kama 1900, mwaka huu ama ule. Basi mama aliyemzaa yeye, huyo unayemtafuta, alizaliwa 1870 na kitu, labda mwanzo wa 1880s. Kama picha imepigwa mwisho wa miaka ya 30 huyo mama angekuwa na zaidi ya hamsini na tano, pengine sitini na kitu, meno yameanza kuenda. Lakini wewe unaniambia mama kwa picha ni wa thelathini, na ana mtoto wa miaka minne. Mtoto wa miaka minne mwaka wa 1938 amezaliwa lini? Mimi nikiangalia hiyo picha naona inawezekana kabisa kaptura hiyo ni ya babu yako, na huyo mama ni mamake yeye, yaani mkaza mwana wa yule unayemtafuta. Na mtu huning'iniza picha ya nani sebuleni kwake kama si ya mamake? Babu alijua. Watoto wake hawakuuliza, na alipofariki jina la Nyar Alego likahamia kwa sura iliyokuwa ukutani.

Sitaki ulichukue hilo kama limekwisha, ni jambo la kupima, na mwenye kupima ni dadake babu. Namna ya kumuuliza ndo muhimu. Usiingie na kusema "dani (yaani nyanya), huyu si ndo mamake baba yenu?" manake atakuitikia tu ndiyo, mtu mzima anayesikia kwa shida huitikia ili mgeni asione haya. Nenda mapema asubuhi akiwa hajachoka, mpe nakala imekuzwa kama ukubwa wa kalenda, ukae kimya. Muache aishike. Kisha anza na vitu vidogo, hiki kitambaa kilinunuliwa wapi, huyu mtoto ni nani, hii ilikuwa studio ama nyumbani, nani alikuwa na rozari kama hii. Rekodi kwa simu kama amekubali, lakini mwambie kwanza. Na uende na mtu wa nyumba yake, mjukuu anayejua kumuongelesha karibu na sikio, usiende na wajomba watano watakaojibu badala yake. Baadaye onyesha mtu mwingine mzee picha ile ile bila kumwambia huyu wa kwanza alisema nini.

Haya, sasa huyo Nyar Alego wa kweli. Jina hilo ni la kuolewa, linakuambia alitoka wapi na si zaidi ya hapo, na kule Alego kwenyewe hakuna mtu angemuita hivyo kwa hivyo ukienda kuuliza "mnamjua Nyar Alego" watakucheka. Alego ni kubwa, ina koo nyingi. Unachotaka ni ukoo, na ukoo unajulikana kwa njia tatu ambazo nazipenda kuliko ofisi yoyote.

Njia ya kwanza ni matanga. Uliza babake babu alipozikwa wajomba walitoka wapi, nani alikuja akiitwa mjomba na akapewa heshima ya mjomba. Watu husahau majina ya wanawake lakini hawasahau wajomba walikuja kwa gari ya nani na waliondoka na nini. Tafuta pia programu za mazishi za zamani, kila nyumba ya huku ina bahasha ya hizo chini ya kitanda ama kwa sanduku la Biblia, na ile sehemu ya historia ya marehemu mara nyingi inaandika "mwana wa marehemu fulani na marehemu fulani nyar fulani". Programu ya mtoto wa mwisho wa huyo mama, kama alizikwa miaka ya 70 ama 80, inaweza kukupa jina ambalo hakuna rejista inalo.

Njia ya pili ni majina ya watoto. Kwetu Wajaluo mtoto hupewa jina la aliyetangulia, hasa mtu akiota usiku ama mtoto akilia bila kunyamaza. Chukua orodha ya wajukuu na vitukuu wa kike wote waliozaliwa baada ya huyo mama kufa, uangalie ni jina gani linarudi rudi bila sababu ya kuzaliwa. Achieng wa mchana, Atieno wa usiku, Akoth wa mvua, hayo ya saa na hali ya hewa hayakusaidii sana peke yake manake yako kila boma. Lakini ukipata mtu anaitwa Atieno na alizaliwa mchana kweupe, uliza ni Atieno wa nani.

Ya tatu ni gunda, lile boma la zamani lililohamwa. Nenda na mzee akuonyeshe nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ilikuwa wapi, ya nyachira, wa pili, wapi, ya reru, wa tatu, wapi. Ukijua babake babu alizaliwa nyumba gani umejua mamake alikuwa mke wa ngapi, na hapo utakuta pengine wanawake wa Alego walikuwa wawili kwa boma moja, dada kwa dada ama shangazi na mpwa, kitu cha kawaida kabisa enzi hizo. Ukoo mzima unaweza kuwa unabishana juu ya watu wawili wakidhani ni mmoja.

Tuje kwa makaratasi. Yule wa ofisi ya vyeti alikujibu vibaya lakini hakudanganya. Serikali ya mkoloni ilianza kuandikisha vizazi vya wazungu 1904, wahindi 1906, na Mwafrika kuandikishwa kwa lazima nchi nzima ni 1971. Kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kilichoanza kutolewa 1919 na 1920 kilikuwa cha wanaume wa miaka 16 kwenda juu, mwanamke hayumo. Kodi ya nyumba nayo iliandika mwenye boma na idadi ya nyumba zake. Lakini hapo usipite haraka, manake kila mke alikuwa na nyumba yake, mtu akiandikwa nyumba tatu hao ni wake watatu ama wake wawili na mama mjane, ni wanawake wamo humo ndani bila majina. Vitabu hivyo havikubaki vyote, ila ukikuta kimoja cha eneo lenu kisome kwa jicho hilo.

Pa kumpata kwa jina ni kanisani, na tena kwa ubatizo wa mwanawe. Rozari inatuambia nyumba yenu ni ya Katoliki. Mapadre wa Mill Hill walifika Kisumu 1903, na waliandika rejista zao kwa Kilatini, kila mstari una jina la anayebatizwa, la baba na la mama, tarehe, msimamizi, na padre aliyebatiza. Babake babu yako kama alibatizwa kijana mwaka wa 1920 hivi, kuna nafasi nzuri kwamba jina la mamake limeandikwa pale, jina lake la nyumbani, kama padre alivyolisikia. Soma kwa sauti usiangalie herufi, padre Mholanzi aliandika majina ya Kijaluo kwa sikio la Kiholanzi. Maneno machache yanatosha: *filius* ni mwana, *filia* binti, *adultus* mtu mzima, *patrinus* na *matrina* wasimamizi. Pembezoni mwa ukurasa angalia maandishi madogo, ubatizo huongezewa baadaye ndoa imefungwa lini na wapi na nani, kwa hivyo mstari mmoja unaweza kukupeleka parokia nyingine kabisa.

Halafu fanya kitu watu wengi hawafanyi. Soma pia wale waliobatizwa *in periculo mortis*, yaani wakiwa karibu kufa. Akina mama wazee wengi wa umri wake hawakuenda mafundisho ya miaka miwili, waliugua, katekista akaitwa, wakapewa maji na jina, Maria, Anna, Rosa, na jina la nyumbani likaandikwa kando. Kama aliishi mpaka miaka ya 20 ama 30 tafuta humo. Umri utakaouona ni makisio ya padre, utashangaa vile watu wote walizaliwa mwaka unaoishia na sifuri ama tano.

Usikimbilie kanisa lililo karibu na nyumbani leo. Uliza mwaka huo watu wa Gem walikuwa chini ya misheni gani, manake parokia nyingi za sasa zilizaliwa juzi na vitabu vya zamani vilibaki kwa parokia mama, vingine vikapelekwa jimboni. Andika barua, sema wewe ni nani na unatafuta nani na miaka gani, pita kwa katibu wa parokia siku ya wiki, si Jumapili baada ya misa ya pili padre akiwa na watu arobaini mlangoni. Wengine watakuachia usome, wengine watakusomea wao, na hiyo ni haki yao. Na kama mna tawi la familia lililokuwa Anglikana, misheni yao ya CMS ilianza Maseno 1906, kwa hivyo kuna vitabu huko pia.

Mwaka wa kuzaliwa hautaupata, nakwambia mapema. Utapata kati ya mwaka fulani na fulani. Unabana kwa matukio: ugonjwa uliomaliza ng'ombe miaka ya 1890s, malale kando ya ziwa mwanzo wa 1900s, treni 1901, homa kubwa na njaa ya 1918 na 1919. Uliza kila moja, alikuwa ameolewa? Alikuwa na watoto wangapi? Alikuwa mjane? Ukimaliza andika "alizaliwa kati ya 1872 na 1880" na uandike umejuaje, hiyo ni afadhali mara kumi kuliko "1875" iliyotolewa hewani ambayo wajukuu wataichonga kwa jiwe.

Kuhusu Jumba la Nyaraka la Taifa, lile la Moi Avenue Nairobi ambalo watu hutumia kama mahali pa kukutana bila kuingia ndani. Ingieni. Lakini ukitafuta "Siaya" hutapata kitu cha zamani, wilaya yenu iliitwa Central Kavirondo mpaka 1948 ndo ikawa Central Nyanza. Humo kinachofaa ni kesi za mabaraza ya wenyeji, kesi za mahari hasa, manake watu wakigombania ng'ombe ndipo jina la mwanamke na babake na kakake yanatajwa yote mbele ya karani. Huko nyuma zaidi, kabla ya Aprili 1902, upande wetu wote ulikuwa chini ya Uganda, na makaratasi ya wakati huo yanaongea juu ya machifu na safari za kivita, mama wa Gem mwenye shamba lake hayumo. Usitumie nauli.

Kitu kimoja cha kufurahisha ili usichoke. Evans-Pritchard, yule mtafiti Mwingereza, alipiga picha nyingi za Wajaluo 1936, nyingine Alego huko huko, na ziko Pitt Rivers Museum kule Oxford na unaweza kuziona kwa intaneti bure. Mwaka wa 2007 nakala zake zilirudishwa zikaonyeshwa Nyanza, wazee wakazitambua sura. Sidai utamkuta nyanya yako, ila utaona mama wa miaka sitini wa mwaka huo alivaa nini, alisimama vipi, ukilinganisha na yako utajua kama ile ya ukutani ni ya kizazi cha mbele ama cha nyuma.

Na la binamu, ambalo nafikiri ndo lililokufanya uandike. Alego si ukoo mmoja. Mpaka mjue mama alitoka ukoo gani wa Alego, hakuna mzee mwenye haki ya kusema ndoa haiwezi ama inaweza, kwa hivyo waambie wasubiri mrudi kutoka Seme.

Barua ya pili, kutoka Bahati, Nakuru

Mwalimu, cucu yangu, yaani nyanya mzaa baba, aliletwa Nakuru mdogo, wazazi wake walikuwa maskwota kwa shamba la mzungu. Mamake alizaliwa Kiambu kabla ya 1900 lakini hata jina hatujui. Tuna albamu ya kurasa nyeusi, picha zimegandishwa na gundi. Nizing'oe nione nyuma?

Jibu

Hapana. Gundi hiyo ikishakauka miaka hamsini picha hutoka na ngozi. Piga ukurasa mzima kwa simu, karibu na dirisha, mwanga ukitokea upande, fleshi ukiizima, halafu kila picha peke yake. Ukipata mtu wa skana mwambie 600 dpi kwa uchache. Kuna maandishi mengine husomeka kwa alama za kalamu zilizosukuma karatasi ukiinamisha albamu kwenye mwanga. Usilamineti, usibandike selotepu, na ukiandika jina andika kwa penseli kwa karatasi ya kando. Siku hizi kila mtu analamineti vyeti na picha kama menyu ya hoteli, na ikishaingia plastiki haitoki.

Jina la mamake cucu labda tayari mnalo nyumbani. Kwa Wakikuyu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Panga watoto wa cucu kwa kufuatana. Binti yake wa pili anaitwa nani? Hilo ndo jina la kuanzia. Kisha angalia mabinti wa dada zake cucu, nao wa pili wao wanaitwaje, kama ni jina moja umefika karibu sana. Chunga tu kama kuna mtoto alikufa mdogo, hapo hesabu inaruka moja, na wazee hawamtaji mtoto huyo mpaka uulize kwa upole. Upande wa shamba, sheria ya 1918 ilitaka skwota awe na mkataba, na mkataba ni wa mwanaume na familia yake, kwa hivyo tafuta jina la babake cucu na la shamba kwanza, si la mama.

Barua ya tatu, kutoka Bungoma

Mimi nauliza tu, kipimo cha DNA kitaniambia kukhu, yaani nyanya, mzaa babake baba alikuwa nani? Tunajua tu mumewe alitahiriwa rika la Sawa, na binamu mmoja anabisha ati Sawa ni ya juzi.

Jibu

Ile DNA ya upande wa mama hupita kwa mama kwenda kwa watoto wote, lakini ni mabinti tu wanaoendelea kuipitisha. Wewe umefika kwake kupitia baba na babu, kwa hivyo yako ni ya mamako. Kama mtapima, apimwe mtu aliyetoka kwake kwa mabinti peke yao, binti ya binti ya binti, na hata hapo kipimo kitawaambia nani ni ndugu, jina hakitoi.

Sawa yenu ina kazi zaidi. Marika ya Babukusu ni manane na yanazunguka, mzunguko mzima ni kama miaka mia. Kuna Sawa ya 1988 mpaka 1998 ambayo ndo binamu anaijua, na kuna ile ya karne moja nyuma, 1888 mpaka 1898, ambayo ndo ya mzee wenu. Kijana aliyetahiriwa miaka hiyo alioa muda si mrefu baadaye, na mkewe kwa kawaida alikuwa mdogo kwake, basi mwekeni kukhu kama 1875 mpaka 1885. Vita vya Lumboka na Chetambe, vya Babukusu na Waingereza, vilikuwa 1895, ulizeni kama alikuwa tayari kwa mumewe ama bado kwao. Na mkiwa hapo tafuteni bakoki wa mumewe, wale waliotahiriwa naye, walikuwa nani, nyumba za hao bakoki zinaweza kukumbuka mke wa rafiki yao kuliko nyinyi.